Maoni: Koko ameanguka tena, na hakuna aliyempima

Mashariki mwa Congo picha hii inajulikana. Pikipiki inapanda mteremko polepole, dereva mbele, kijana nyuma, na katikati yao mama mzee aliyefungwa kikwembe kiunoni ili asidondoke njiani. Mguu wake mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine, na unyayo umegeukia nje. Analia kila gurudumu linapogonga jiwe. Hospitalini mganga akiuliza kilichotokea, kijana anajibu: “Aliteleza tu.” Akiulizwa lini, anahesabu kwa vidole. Siku ya kwanza walimkanda kwa maji ya moto. Siku ya pili aliitwa mzee anayejua mifupa. Siku ya nne walinunua vidonge vya maumivu. Siku ya sita ndipo walipotafuta pikipiki. Picha ya mfupa inaonyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja imevunjika, na kumbe siku zote hizo alikuwa akikandwa juu ya mfupa uliovunjika.

Jambo ambalo halisemwi pale hospitalini ni kwamba, mara nyingi, koko huyo hakuanguka kwa mara ya kwanza. Alianguka kando ya choo wakati wa mvua zilizopita, akainuka, akapangusa matope, akanyamaza. Alianguka tena akitoka kanisani. Na kila mwezi, katikati ya maanguko hayo yote, alikuwa akienda kwenye kituo cha afya kuchukua dawa zake za tansio. Aliketi kwenye benchi, akafungwa kipimo mkononi, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama anaanguka. Hakuna aliyemtazama akisimama.

Hapo ndipo penye kosa. Watu wanasema “ni uzee”, na neno hilo linafunga mazungumzo. Lakini uzee peke yake hauvunji mfupa. Kinachouvunja ni miguu iliyoisha nguvu bila mtu kujua, macho yenye ukungu, dawa inayoshusha damu kupita kiasi, njia ya giza kwenda chooni. Mambo hayo yote yanaweza kuonekana mapema, na mengine yanaweza kurekebishwa kabla ya pikipiki kuitwa.

Wako wanaodhani kuanguka kwa wazee ni shida ya Ulaya, kule ambako watu huishi miaka 90 peke yao katika nyumba za ghorofa. Hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, zinasema kinyume. Kila mwaka watu wapatao 684.000 wanakufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 kwa mia ya vifo hivyo hutokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka kupita 60. Na kati ya watu wenye miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kwa watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha itazamwe ardhi yenyewe ambako wazee wa Kivu wanaishi. Katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, nyumba zimeshikana kwenye mteremko hivi kwamba mlango wa jirani uko juu ya bati la mwenzake. Ngazi zimechongwa katika udongo, na mvua moja inatosha kuzifuta. Mjini Goma mtu hutembea juu ya mawe ya Nyiragongo, makali na yasiyolingana, ambayo hata kijana mwenye viatu vizuri huyakanyaga kwa adabu. Mzee huyakanyaga kwa kambambili zilizolika kisigino. Choo kiko nje, umeme haupo au umekatika, na mtu mwenye dawa ya kukojolesha huamka mara tatu usiku. Kwa wale waliokimbia vita ni vibaya zaidi: hema, kamba zilizofungwa kwenye vijiti kila upande, matope, na choo cha watu wengi mbali na mahali pa kulala. Tena wengi wa wazee hawa hawajapumzika. Wanabeba maji. Wanalea wajukuu ambao wazazi wao walikufa au walipotea. Koko akivunjika, si mtu mmoja aliyelala kitandani. Ni nyumba nzima iliyosimama.

Sasa, kumpima mzee kama yuko katika hatari ya kuanguka kunahitaji nini? Hapa ndipo mtu anapotegemea kusikia habari za mashine kutoka ngambo. Haihitajiki mashine. Kazi inaanza na maswali matatu ambayo muuguzi anaweza kuyauliza huku akitafuta karatasi ya mgonjwa: “Koko, tangu mwaka jana umeanguka? Ukisimama ao ukitembea, unasikia kama mwili unayumba? Unaogopa kuanguka?” Jibu la “ndiyo” kwa swali moja tu linatosha kuendelea na upimaji. Swali la tatu lisidharauliwe. Mtu anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, na anayepunguza kutembea miguu yake hulegea, kisha huanguka kweli.

Baada ya maswali, kiti. Kipimo kinachotumiwa sana duniani kilichapishwa mwaka 1991 na wataalamu wawili wa Canada, Diane Podsiadlo na Sandra Richardson. Mzee anaketi kwenye kiti cha kawaida, mgongo umeegemea. Mbele yake, kwa umbali wa mita 3, panachorwa alama chini. Chaki inatosha, hata mstari wa kidole kwenye vumbi. Anaambiwa asimame, atembee kwa mwendo wake wa kila siku hadi kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Akiwa na fimbo, anatembea na fimbo yake. Viatu ni vile anavyovaa kila siku. Muuguzi anahesabu kwa simu, toka neno “twende” mpaka makalio yaguse kiti, na anatembea karibu naye ili amshike akiyumba. Kwa mujibu wa mwongozo unaotumiwa na waganga wa Marekani, anayefikisha sekunde 12 au kuzipita anahesabiwa kuwa katika hatari.

Lakini mganga mzuri hatazami sekunde tu. Anatazama kama mzee alisukuma magoti kwa mikono miwili ndipo akasimama. Kama alisimama kwanza akitafuta mwili wake kabla ya hatua ya kwanza. Kama hatua ni fupi na nyayo zinaburuta. Kama wakati wa kugeuka alikanyaga hatua nyingi ndogo ndogo badala ya mbili au tatu. Kama alijitupa kwenye kiti mwishoni. Katika dakika mbili hizo mganga anajifunza mambo ambayo benchi la kungojea halikumwonyesha kwa miaka mitano.

Vipo vipimo vingine viwili vya haraka. Cha kwanza kinapima nguvu za mapaja: mzee anakunja mikono kifuani na kusimama na kuketi kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwenye miaka 70 hadi 74, mwanaume asiyefikisha mara 12 na mwanamke asiyefikisha mara 10 wako chini ya kiwango. Cha pili kinapima usawa wa mwili kwa namna nne za kusimama: miguu sambamba, kisha mguu mmoja umesogezwa mbele kidogo ya mwenzake, kisha kisigino cha mmoja kimegusa vidole vya mwingine kama mtu anayetembea juu ya ubao wa daraja, mwisho mguu mmoja. Kila namna ni sekunde 10. Asiyeweza kushika ile ya tatu kwa sekunde 10 anahitaji kuangaliwa. Hospitali zenye wataalamu wa viungo, wale ambao watu huwaita kine, zina kipimo kirefu zaidi cha Berg, chenye kazi 14 na alama 56. Hicho si cha kituo cha kijijini na hakuna haja ya kukilazimisha huko.

Kipimo kinachofaa kugombaniwa kuliko vyote ni cha tansio, kwa sababu chombo tayari kipo na kinatumiwa nusu. Leo mzee anapimwa akiwa ameketi, basi. Inavyopaswa, alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu haimfikii kichwani vizuri anapoinuka. Huyo ndiye anayeona giza akitoka kitandani usiku. Na mara nyingi sababu iko mfukoni mwake: dawa mbili za tansio pamoja na ya kukojolesha, na juu yake kidonge cha usingizi alichonunua farmasia bila karatasi ya daktari. Kituo kinachompa mtu dawa za kushusha damu bila kumpima akiwa amesimama kinajua upande mmoja tu wa dawa zake.

Kuna na jambo dogo la kupendeza lililotoka Sweden mwaka 1997. Lillemor Lundin-Olsson na wenzake waliwatazama wazee wakitembea huku wakizungumzishwa. Waliosimama ili waweze kujibu, wengi wao walianguka ndani ya miezi 6 iliyofuata, kwa sababu kutembea kulikuwa kumeshachukua akili yao yote. Ila katika Kivu kipimo hicho kitumiwe kwa hekima. Mzee aliyelelewa vizuri akisalimiwa njiani husimama, huuliza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, na haendi mpaka amalize. Hiyo ni heshima.

Ni kweli pia kwamba vipimo hivi havioni kila kitu. Wataalamu wenyewe wamekwisha kuonya kwamba kipimo cha mita 3 peke yake hakitabiri vizuri nani ataanguka na nani hataanguka. Ndiyo maana kinakwenda pamoja na maswali, macho, dawa na nyumba. Mashariki mwa Congo lipo la kuongeza. Kiti cha vipimo vya kizungu kina kimo cha sentimita 43 hadi 46, wakati wazee wengi nyumbani huketi kwenye kibao kifupi au kwenye mkeka. Kuinuka kutoka huko ni kazi nyingine kabisa. Miaka nayo mara nyingi ni ya kukisia, hivyo jedwali la umri haliwezi kushikwa kama sheria. Na yuko yule mama wa miaka 70 aliyebeba mihogo kwa kamba ya kipaji cha uso maisha yake yote: atasimama kutoka kwenye kiti mara 15 bila kuhema, kisha kesho ataanguka kwenye utelezi akiwa na mzigo mgongoni. Kipimo kilimpima mikono mitupu. Muuguzi anayejua mtaa wake atamwuliza: unabeba nini, unapitia wapi, saa ngapi?

Waganga watasema, na wana haki: vituo vimejaa. Kuna kipindupindu, kuna malaria, kuna mpox, kuna waliojeruhiwa na risasi, na muuguzi mmoja anaandika madaftari kumi. Nani atakayeanza kuhesabu sekunde za wazee? Jibu ni kwamba hakuna anayeomba mzee apimwe kila wiki. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi, na mara nyingine baada ya kuanguka. Maswali matatu ni dakika moja. Kiti ni dakika mbili. Wale wanaohamasisha afya mitaani, reko, ambao wamefundishwa kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi ili kujua kama ana utapiamlo, wanaweza kufundishwa kuuliza koko maswali matatu wanapoingia katika nyumba hiyo hiyo. Utepe ule nao ulikuwa kitu kidogo.

Swali gumu ni lingine: mkishampima, mtamfanyia nini? Ikiwa jibu ni “hakuna”, basi afadhali aachwe na amani yake. Bahati njema, jibu lipo, na sehemu kubwa haihitaji fedha za wafadhili. Dawa zinaweza kupunguzwa au kubadilishwa saa, kwa amri ya daktari, si kwa jirani. Ukungu wa jicho unaweza kupasuliwa. Fimbo inaweza kukatwa kwa kimo chake: mzee amesimama wima, mikono imening’inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiungo cha mkono. Wengi hushika fimbo ndefu ya kurithi, tena upande wa mguu mbovu, wakati inatakiwa mkono wa upande ule mzima. Kambambili zibadilishwe na kiatu kinachoshika kisigino. Miti miwili isimikwe kando ya choo kwa ajili ya kujishikilia. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mjukuu mwenye panga.

Na mazoezi. Mwaka 2019 wachunguzi walikusanya majaribio 108 kutoka nchi mbalimbali na kuona kwamba mazoezi yanapunguza maanguko kwa karibu robo, hasa yale yanayofundisha mwili kusimama sawa: kuinuka na kuketi, kusimama kisigino kwa kidole ukishika ukuta, kutembea kando kando, kupanda ngazi moja na kushuka. Faida ya kutembea peke yake haikuonekana wazi. Jambo hili liwafikie wale wanaosema wazee wa huku hawahitaji mazoezi kwa sababu wanatembea kila siku. Vikundi vya akina mama wazee vinavyokutana parokiani au kwenye likelemba vinaweza kufanya dakika 20 kabla ya kuhesabu fedha, na hakuna atakayecheka zaidi ya mara ya kwanza.

Kuna dawa moja ambayo familia hupenda kuitoa nayo ni sumu: kumkataza. “Koko, kaa chini. Koko, usiende shamba. Koko, tutakuletea.” Inasemwa kwa upendo, hakuna anayelaumu upendo. Lakini mzee aliyewekwa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jioni hupoteza nguvu za mapaja kwa haraka ya kutisha, na siku anapolazimika kusimama peke yake, hana miguu tena. Ndiyo sababu pia wazee huficha. Anajua akisema ameanguka, kesho watamnyang’anya jembe, keshokutwa watamkataza kwenda misa ya kwanza. Wengine wanaogopa maneno ya mtaani, kwamba amelewa, au kwamba kuna mkono wa mtu. Kwa hiyo muuguzi anayeuliza aulize bila watoto kusimama karibu, na asianze kwa kukataza.

Kwa upande wa fedha, familia za Kivu hazihitaji kuelezwa. Kuna picha ya mfupa, kuna upasuaji, kuna chuma kinachowekwa ndani, kuna kitanda, kuna mtu wa kumlinda mgonjwa ambaye hafanyi kazi wiki zote hizo. Hospitali zinazojulikana kwa upasuaji wa mifupa, kama HEAL Africa mjini Goma, ziko mijini, na mzee wa kijijini huzifikia akiwa amechelewa, au hazifikii kabisa. Wasiopasuliwa hulala. Mgongo unatoboka vidonda, kifua kinajaa, damu inaganda mguuni. Wengi huondoka kwa njia hiyo miezi michache baadaye, na katika kilio inasemwa kwamba aliugua kidogo tu.

Serikali haiwezi kusema haikujua. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa mtu mzee haki ya hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji ya mwili wake, akili yake na utu wake. Mpango wa afya kwa wote ulianza na mama wanaojifungua na watoto wachanga, na hakuna mwenye akili atakayepinga uchaguzi huo. Lakini tangu hapo wazee wamebaki wakisubiri kutajwa, isipokuwa kila tarehe 1 mwezi wa kumi, siku yao ya kimataifa, ambapo hupewa hotuba na, mahali pengine, sabuni na kikwembe.

Kinachoombwa hapa ni kidogo kuliko mpango. Ni mistari mitatu kwenye fishi ya mgonjwa wa tansio na wa sukari, katika kila zoni ya afya: ameanguka mwaka huu, ndiyo au hapana, sekunde ngapi kwa mita 3, tansio akiwa amelala na akiwa amesimama. Daktari mkuu wa zoni anaweza kuamuru hivyo kwa barua moja, bila kungoja Kinshasa, na msimamizi anayepita vituoni kila mwezi anaweza kuangalia kama mistari hiyo imejazwa. Kiti kipo tayari katika kila kituo. Siku ya dawa, wazee wanakikalia kwa zamu tangu saa moja asubuhi, na kati ya benchi na mlango wa farmasia kwa kawaida pana mita 3 au zaidi.